Kidonge cha Ugonjwa Usiouma



Naomba nafasi katika sehemu ya Kiswahili ya gazeti letu, nipate kuzungumza na wanafunzi walio darasani sasa, pamoja na wenzangu tuliokwisha toka shuleni. Mimi nilimaliza masomo hapo mwaka 1997, nikasomea ufamasia, na sasa nafanya kazi katika duka la dawa mjini Leicester, Uingereza.

Watu wengi hudhani kwamba kazi ya mfamasia ni kusoma cheti cha daktari, kuhesabu vidonge, na kubandika karatasi juu ya pakiti. Mimi mwenyewe nilidhani hivyo kwa miaka mingi. Leo nataka kueleza jinsi nilivyofundishwa kwamba kazi hasa huanza baada ya pakiti kutoka mlangoni. Tena nataka kuwapa somo fupi juu ya kolesteroli na dawa zake, maana ni jambo ambalo wengi wenu mtakutana nalo nyumbani kwenu, kama si leo, basi kesho.

MFUKO WA MJANE

Mwaka 2018 mama mmoja aliingia dukani akichukua mfuko wa karatasi. Kule Uingereza dawa zisizotumika hurudishwa kwenye duka la dawa ili ziteketezwe, wala haifai kuzitupa jalalani au chooni. Aliuweka mfuko juu ya meza, akasema, "Hizi ni za marehemu mume wangu."

Nilimjua mume wake. Alikuwa dereva wa basi, mtu wa miaka 58, mcheshi sana. Mwaka uliotangulia alipatwa na mshtuko wa moyo, akapona. Tangu hapo daktari alimwandikia dawa ya kupunguza kolesteroli, naye alikuja kuichukua kila mwezi bila kukosa. Mshtuko wa pili ndio uliomwua.

Yule mama alipokwenda zake, niliufungua mfuko. Ndani mlikuwa na pakiti tisa za dawa ile, na hakuna hata moja iliyofunguliwa. Kila pakiti ina vidonge 28. Nikazidisha: 252. Na juu ya kila pakiti palikuwa na karatasi niliyoibandika kwa mkono wangu mwenyewe.

Sisemi kwamba vidonge vile vingemponya. Hakuna awezaye kusema hivyo juu ya mtu mmoja. Lakini nilikumbuka jinsi tulivyokuwa tukisalimiana. Mimi humwuliza, "Mambo yote sawa?" Naye hujibu, "Sawa kabisa." Kisha nampa pakiti, anakwenda. Mara tisa nilimpa dawa, wala sikumwuliza hata mara moja kama anaimeza. Mwalimu akigawa vitabu darasani, kisha asiulize nani amesoma, hajafundisha. Amegawa vitabu tu. Basi mimi nilikuwa mgawa vitabu.

KOLESTEROLI NI NINI?

Kolesteroli ni kitu cha jamii ya mafuta, laini kama nta. Si sumu, kama wengine wanavyofikiri. Mwili huitumia kujenga ukuta wa kila seli, kutengeneza homoni kadhaa, na kutengeneza nyongo inayosaidia kusaga mafuta ya chakula. Sehemu kubwa ya kolesteroli yetu hutengenezwa mwilini, hasa na ini. Sehemu ndogo hutoka katika chakula. Ndiyo sababu mtu mwembamba, mla mboga, aweza kuonekana ana kolesteroli nyingi: pengine ameirithi kwa wazazi wake.

Ninyi mliosoma sayansi mwajua kwamba mafuta hayayeyuki katika maji, na sehemu kubwa ya damu ni maji. Kwa hiyo kolesteroli haiwezi kusafiri peke yake. Hupakiwa katika vifurushi vidogo sana vyenye protini. Vifurushi vya namna moja huitwa LDL. Hivyo ndivyo huichukua kolesteroli na kuipeleka huku na huku mwilini. Vya namna nyingine huitwa HDL. Hivyo husaidia kuirudisha kwenye ini.

Vifurushi vya LDL vikizidi katika damu, baadhi yake huingia ndani ya ukuta wa mishipa mikubwa na kukaa humo. Mwili huona mgeni, huleta askari wake, na polepole hutokea uvimbe ndani ya ukuta ule. Kazi hii ni ya miaka mingi, huenda 20 au 30. Hatimaye siku moja uvimbe huweza kupasuka. Damu huganda juu yake, na njia huzibika. Njia hiyo ikiwa ni mshipa wa kulisha moyo, huo ndio mshtuko wa moyo. Ikiwa ni mshipa wa ubongo, hicho ni kiharusi. Uvutaji wa sigara, shinikizo la damu na ugonjwa wa sukari huzidisha hatari hiyo.

Sasa shikeni jambo hili, maana ndilo kiini cha makala yangu. Katika miaka hiyo yote mgonjwa hasikii kitu. Malaria hutetemesha, jino hung'oa usingizi, kidonda huonekana. Kolesteroli haina homa, haina kikohozi, haina maumivu. Hujulikana kwa kupima damu. Na dawa yake nayo haileti nafuu ya kuonekana: mtu ameza leo, na kesho yu vile vile. Aliyemeza kwa bidii na aliyeitupa hawana tofauti ya kusikia mwilini, mpaka siku mambo yatakapoharibika.

DAWA ILIYOTOKA KATIKA KUVU

Dawa zinazotumika zaidi kwa kazi hii huitwa statini. Asili yake ni jambo la kupendeza. Mwanasayansi mmoja wa Japani, Akira Endo, mtoto wa wakulima, alivutiwa na habari za Alexander Fleming, aliyegundua penisilini katika kuvu. Endo akawaza: labda ziko kuvu zinazotengeneza kitu cha kuzuia kolesteroli isitengenezwe. Yeye na wenzake wakazipima kuvu zaidi ya 6,000, moja baada ya moja. Hapo mwaka 1973 wakapata walichokitafuta katika kuvu ya rangi ya buluu na kijani, iliyotoka katika mchele wa duka la nafaka mjini Kyoto. Dawa ya kwanza ya jamii hiyo iliruhusiwa kuuzwa Marekani mwaka 1987. Endo alifariki mwaka 2024.

Statini hufanyaje kazi? Huzuia kimeng'enya kimoja ambacho ini hukitumia kutengeneza kolesteroli. Ini likiona limepungukiwa, huongeza milango yake ya kupokea vifurushi vya LDL, na kuvivuta kutoka katika damu. Habari za milango hiyo ziligunduliwa na Michael Brown na Joseph Goldstein wa Marekani, ambao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1985.

Je, kweli dawa hizi zaokoa watu? Mwaka 1994 madaktari wa nchi tano za kaskazini ya Ulaya walitoa matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa wa moyo 4,444. Nusu yao walipewa simvastatini, na nusu walipewa vidonge vitupu vinavyofanana nayo. Baada ya miaka mitano na kitu, katika kundi la vidonge vitupu walikuwa wamekufa watu 256; katika kundi la dawa, 182. Tofauti ni watu 74. Hao 74 hakuna ajuaye majina yao, wala wao wenyewe hawakujua kwamba wameokolewa. Ndivyo ilivyo kazi ya kinga: faida yake haina uso.

KWA NINI WATU HUIACHA?

Baada ya ule mfuko wa mjane nilianza kusikiliza. Sababu nilizozisikia ni nyingi, nami nitazitaja zile zinazorudi mara kwa mara.

Kwanza, mtu hudhani amepona. Amemaliza pakiti moja, damu imepimwa, kolesteroli imeshuka, basi anaona kazi imekwisha. Hajaambiwa kwamba imeshuka kwa sababu ya dawa, na kwamba akiacha, itapanda tena.

Pili, mtu anaogopa. Amesoma karatasi iliyo ndani ya pakiti, yenye orodha ndefu ya madhara, au amesikia kwa jirani.

Tatu, ana vidonge vingi mno. Ana cha shinikizo, ana cha sukari, na hiki kimezidi. Anaamua mwenyewe kipi apunguze, na hupunguza kile asichoona kazi yake.

Nne, huona haya. Kumeza kidonge kila siku mpaka mwisho wa maisha ni kama kukiri kwamba uzee umefika.

Tano, husahau tu, kama sisi sote.

Angalieni kwamba sababu hizi hazina dawa moja. Msahaulifu anahitaji kukumbushwa. Mwenye hofu, ukimkumbusha kila siku, utamwongezea hofu. Kwa hiyo kabla ya kumsaidia mtu ni lazima kujua sababu yake, na hakuna njia ya kuijua ila kumwuliza.

HUDUMA YA DAWA MPYA

Mwaka 2011 shirika la afya la taifa huko Uingereza lilianzisha mpango katika maduka ya dawa, ambao kwa Kiswahili naweza kuuita Huduma ya Dawa Mpya. Mwanzoni ulihusu maradhi machache, kama vile pumu, sukari na shinikizo la damu. Mwezi wa Septemba 2021 ukapanuliwa, na kolesteroli ikaingizwa.

Mpango wenyewe una hatua tatu. Hatua ya kwanza ni siku mgonjwa anapochukua dawa mpya: mfamasia humweleza dawa ni ya nini, na humwomba ruhusa wazungumze tena. Hatua ya pili huja baada ya wiki moja au mbili: wanazungumza faraghani, au kwa simu. Hatua ya tatu huja baada ya wiki mbili au tatu nyingine: wanatazama kama shida iliyoonekana imekwisha, au kama inafaa mgonjwa arudi kwa daktari.

Kwa nini wiki mbili? Kwa sababu ndio wakati mtu anapoanza kuamua moyoni mwake. Ukimngoja miezi sita, amekwisha amua zamani, na pakiti zinajaa kabatini.

Chuo Kikuu cha Nottingham kiliongoza uchunguzi wa mpango huu kwa wagonjwa 504, wa yale maradhi ya mwanzo. Baada ya wiki kumi, kati ya wale waliohudumiwa kwa kawaida, watu kama 61 katika kila 100 walikuwa wakifuata dawa zao. Kati ya wale waliozungumza na mfamasia, ni kama 71. Wengine watasema, "Kumi tu?" Mimi nasema, wahesabuni wale kumi katika kila mia ya mji mzima.

Nasi tulifundishwa namna ya kuuliza. Zamani nilikuwa nikiuliza, "Unameza dawa yako?" Swali hilo lina jibu moja tu, "Ndiyo," maana nani atakubali kuonekana mkaidi mbele ya watu? Sasa nauliza hivi: "Watu wengi hukosa dawa siku nyingine. Katika siku saba zilizopita, wewe umekosa siku ngapi?" Tazameni tofauti. Swali la kwanza ni la hakimu. La pili limekwisha samehe kabla ya jibu kutolewa.

MAMA WA JINJA

Sasa nitawasimulia habari ya mtu mmoja. Amenipa ruhusa niisimulie, mradi nisitaje jina lake.

Mjini Leicester wako watu wengi wenye asili ya Kihindi waliotoka Uganda, waliofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972, pamoja na watoto na wajukuu wao. Mmoja ni mama wa miaka 74. Mwaka 2022 daktari alimpima damu, akamwandikia atorvastatini miligramu 20 kila siku. Alikuja kuichukua pamoja na mwanawe. Nilieleza, mwana akatafsiri kwa Kigujarati, mama akatikisa kichwa. Siku ya kumi na mbili nilipiga simu. Mwana akajibu, "Anameza vizuri, hana shida." Nikaandika katika daftari: hana shida.

Lakini nilipoandika neno lile nilikumbuka pakiti tisa. Nani aliyeniambia hana shida? Si yeye. Nikampigia tena yule kijana, nikaomba kwa adabu mama aje mwenyewe siku atakayopenda.

Alikuja asubuhi moja, peke yake, tukaingia katika chumba kidogo cha mazungumzo. Kiingereza chake kilikuwa cha kusitasita. Akaangalia jina langu kifuani, akanitazama usoni, akasema kwa Kiswahili, "Wewe watoka Uganda?"

Nilishangaa, nikasema, "Ndiyo, Mama. Nawe wakijua Kiswahili?"

"Baba yangu alikuwa na duka la nguo Jinja. Kiswahili changu ni cha dukani, mwanangu. Usinicheke."

"Changu ni cha darasani, Mama. Tutasaidiana."

Basi nikamwuliza lile swali langu, amekosa siku ngapi. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Nimemeza siku nne tu. Halafu nimeacha. Ziko ndani ya kopo la biskuti."

"Siku ya tano kulikuwa na nini?"

"Miguu. Inauma nikipanda ngazi. Jirani ameniambia kidonge hiki kinakula nyama ya mguu."

"Mwanao anajua?"

Akanishika mkono. "Usimwambie. Chumba changu kiko juu. Mahali pangu pa kusali ni huko juu. Akijua siwezi ngazi, atanipeleka nyumba ya wazee."

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipoelewa. Kilichomzuia hakikuwa usahaulifu wala ujinga. Alikuwa amepima mambo mawili: moyo, ambao haumwumi, na ngazi, ambayo aipanda kila siku. Akachagua ngazi. Nani kati yetu asingefanya vile? Na mwanawe, aliyejibu kwa mapenzi, ndiye mtu wa mwisho ambaye mama angemwambia.

Sikumwambia kwamba jirani ni mwongo, maana si mwongo kabisa. Statini huweza kuumiza misuli kwa watu wachache, na kwa nadra sana huidhuru vibaya. Badala yake nikamwuliza maswali. Maumivu yalianza lini? Akafikiri, akasema, "Tangu wakati wa baridi." Dawa je? Alianza mwezi wa Mei. Je, miguu yote miwili? La, zaidi goti la kulia na paja lake. Mkojo umebadilika rangi kuwa kama chai nzito? La. Ana homa, au amekuwa dhaifu kwa ghafula? La.

Kwa hiyo maumivu yalikuwa yametangulia dawa. Lakini mimi si daktari wala sina haki ya kukata shauri peke yangu. Kwa ruhusa yake nilimwandikia daktari wake, akampima damu kuona kama misuli imedhurika. Haikuwa imedhurika. Goti lilikuwa goti la uzee, akapelekwa kwa mtaalamu wa mazoezi. Tukapatana ajaribu dawa tena, na akiona lolote aniambie mimi kwanza kabla ya jirani. Aliniuliza wakati wa kumeza. Nikamwambia atorvastatini yafaa wakati wowote, mradi uwe mmoja kila siku. Akachagua jioni, baada ya sala, pale pale juu kwenye chumba chake.

Wiki tatu baadaye nilimwuliza tena. "Nimekosa mbili," akasema, akicheka. "Nilikuwa kwenye arusi." Miezi mitatu baada ya kuanza upya damu yake ilipimwa, na kolesteroli ilikuwa imeshuka kama daktari alivyotaka. Goti bado humsumbua siku za baridi. Ngazi bado aipanda.

JAMBO LA KUSTAAJABISHA

Habari ya Mama wa Jinja si ya peke yake. Mwaka 2020 wataalamu wa Imperial College London walichapisha uchunguzi wa watu 60 walioacha statini kwa sababu ya madhara. Kila mmoja alipewa chupa kumi na mbili za mwaka mzima: nne zenye dawa, nne zenye vidonge vitupu, na nne zisizo na kitu. Zile zenye vidonge hawakujua ipi ni ipi. Kila siku waliandika jinsi walivyojisikia. Ikaonekana kwamba wakimeza vidonge vitupu walipata karibu shida zile zile walizozipata kwa dawa, kiasi cha sehemu 90 katika 100. Maumivu hayakuwa ya uongo. Yalikuwa maumivu kweli. Ila mengi yalitokana na tendo la kumeza kidonge na hofu yake. Walipoonyeshwa matokeo yao wenyewe, nusu yao walianza dawa tena.

Mimi najifunza mambo mawili hapo. Hofu huumiza mwili. Tena mtu akionyeshwa ukweli kwa heshima, bila kubezwa, aweza kubadili nia.

MAMBO YA KUSHIKA

Kwa wale walio na wazazi au ndugu wanaotumia statini, nawaachieni haya machache.

1. Dawa isiachwe ghafula bila kumwuliza daktari au mfamasia. Akiona madhara, mara nyingi iko njia nyingine: kipimo kidogo zaidi, au statini ya namna nyingine.

2. Maumivu ya misuli yasiyo na sababu, udhaifu, au mkojo mweusi kama chai nzito, ni ya kuonyeshwa daktari upesi. Hali kadhalika macho au ngozi ikigeuka manjano.

3. Simvastatini humezwa usiku. Atorvastatini yafaa saa yoyote.

4. Baadhi ya dawa hazipatani na statini. Mtu anayetumia simvastatini asipewe klarithromisini au erithromisini bila simvastatini kusimamishwa kwanza. Tunda la balungi nalo halipatani na simvastatini. Kwa hiyo mwambieni mfamasia kila kitu mnachotumia, hata mitishamba, bila kuona haya.

5. Mwanamke mwenye mimba, au anayetaka kushika mimba, azungumze na daktari, maana kwa kawaida statini haitumiki wakati huo.

6. Dawa haiondoi haja ya chakula bora, kutembea kwa miguu na kuacha sigara. Wala chakula bora hakiondoi haja ya dawa kwa yule aliyeandikiwa.

7. Msimpe jirani vidonge vyenu, wala msipokee vyake. Na mnapoingia katika duka la dawa, ulizeni kama anayewahudumia ni mfamasia. Kama siye, ombeni kumwona mwenyewe. Kuuliza si utovu wa adabu.

NENO KWENU WANAFUNZI

Labda mwasema, "Sisi ni vijana, haya ni mambo ya wazee." Ndivyo, lakini wazee hao ndio wanaolipa ada yenu. Likizo ijayo, mkirudi nyumbani, tazameni kama yuko baba, mama, mjomba au bibi aliyeandikiwa dawa ya kila siku, iwe ya kolesteroli, ya shinikizo au ya sukari. Msiende kuhesabu vidonge vyake kama polisi. Mtoto hamhoji mzazi wake. Kaeni naye jioni, wakati ameshiba na ametulia, mseme, "Baba, tumesoma shuleni kwamba watu wengi hukosa dawa siku nyingine. Je, wewe hukuta hivyo?" Kisha nyamazeni. Kunyamaza ndiko kugumu. Mimi ilinichukua miaka mingi kukujua.

Akisema amekosa, msimkaripie. Mwulizeni kinachomzuia ni nini. Pengine ni fedha, pengine ni hofu, pengine ni ngazi. Kisha mwombeni mwende naye kwa mfamasia au daktari, akaseme mwenyewe kwa kinywa chake na kwa lugha aipendayo.

Nanyi wenzangu tuliomaliza zamani, miaka yetu sasa ndiyo ile. Wengi wetu tumekwisha pita 40. Pimeni damu. Na ukipewa dawa ukaiacha, usimwambie mfamasia "sawa kabisa". Ule mfuko wa mjane bado naukumbuka, wala sitaki kupokea mwingine.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini mtu mwembamba aweza kuwa na kolesteroli nyingi?

2. Eleza kazi ya vifurushi vya LDL na HDL.

3. Pakiti moja ina vidonge 28. Mgonjwa akikosa vidonge viwili kila wiki, atakuwa amekosa vingapi katika pakiti moja? Na katika pakiti 13?

4. Mwandishi alikosea wapi alipoandika "hana shida" katika daftari?

5. Tunga swali utakalomwuliza mzee wa nyumbani kwenu juu ya dawa yake, lisiwe la hakimu.

Wasalaam,

Mwanafunzi wenu wa zamani, Leicester